Hapigi Mtu Lake

Kuacha kitu kilichokwisha kukuchosha si kuacha, ni kupumzika tu. Kuacha kwa kweli ni kukiweka chini unachokipenda, hali ya kuwa mkono bado unakitaka. Mbarouk Mkadam wa mtaa wa Malindi, visiwani, aliacha kupiga gitaa vidole vyake vikiwa bado vinamtii na wenzake bado wanamngoja, na aliliacha kwa maneno machache aliyoyasema peke yake kwenye benchi la hospitali, Dar es Salaam, bila ya shahidi wa kibinadamu.

Mkewe, Thuwaiba, alikuwa ndani anapasuliwa. Mishipa ya moyo, walisema madaktari, na walilisema kwa ile sauti ya chini wanayoitumia wanapotaka mtu ajitayarishe. Mbarouk alikaa nje, mikono mapajani, akajiuliza ana nini cha kutoa. Shamba hana, la baba yake kule Chwaka walishagawana ndugu. Nyumba ni ya wakfu, anakaa kwa kodi. Dhahabu ya ndani ni ya mke. Akayapekua maisha yake kama mtu anavyopekua mifuko ya kanzu, akakuta kitu kimoja tu ambacho akikitoa kitamuuma.

"Ya Rabbi," alisema, "nirejeshee Thuwaiba, na mimi sitopiga tena gitaa maisha yangu."

Thuwaiba alirejea. Alishuka kwenye boti amekonda kama ufito, lakini miezi ilipopita akawa anasaga tena mchele wa mkate wa kumimina na kugombana na muuza dagaa kutoka dirishani. Gitaa likabaki limetundikwa msumarini, juu ya kabati. Mbarouk hakumwambia mtu, hata yeye mkewe. Nadhiri aliiona kama sadaka: ukiitangaza unalipwa hapa hapa kwa sifa, na huko mbele ukaenda mikono mitupu. Siku hizi watu hawatoi hata tende moja kwa jirani bila ya kupiga picha. Mbarouk hakulelewa hivyo.

Gitaa lenyewe alilipata ujanani, alipokuwa mwendesha kreni bandarini. Baharia mmoja wa meli ya mchele alilileta gatini, gitaa la umeme, jekundu kama shokishoki, na Mbarouk akalibadilisha kwa saa yake ya mkononi, redio ndogo, na viatu alivyokuwa amevivaa Sikukuu moja tu. Alirudi nyumbani miguu mitupu. Mama yake alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Haya, na kesho utakwenda kazini umevaa gitaa?"

Ndipo ilipozaliwa Nanga Jazi, bendi ya vijana wa bandarini. Walipiga harusi na sherehe kuanzia Malindi mpaka Makunduchi, wakilala chini kwenye mikeka ya wenyeji wao, suruali zao nyeupe zimekunjwa vizuri chini ya mto. Nyuzi za gitaa zilikuwa hazipatikani. Zikifa sauti walizichemsha kwenye sufuria, zikatoka zinalia kama mpya. Ukikatika uzi mwembamba, walichambua waya wa breki ya baiskeli wakaufunga mmoja. Wakil, mpiga gitaa la besi, aliwaundia amplifaya kutokana na redio ya marehemu babu yake. Mjaka, mpiga gitaa mwengine, aliyekuwa kibarua katika shamba la serikali la Kizimbani, alikuja mjini kila Ijumaa na kichupa cha mafuta ya karafuu, wakapaka nyuzi zisiliwe na chumvi ya bahari. Watu walisema Nanga Jazi wananukia kabla hawajasikika.

Na kilikuwako kipande. Kila bendi ina wimbo wake, lakini kipande hiki kilikuwa cha Mbarouk peke yake, sauti chache tu za gitaa alizozitia katikati ya wimbo siku walipopiga harusi katika kichochoro cha akina Thuwaiba. Zilipanda, zikasita kidogo kama mtu aliyefika mlangoni akaona haya kubisha, kisha zikateremka. Juu, ubao mmoja wa dirisha ulifunguka nusu. Harusi iliyofuata katika mtaa ule Mbarouk alikirudia, na ubao ukafunguka tena. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa uchumba wao wote. Hawakuandikiana barua wala hawakukutana mafichoni. Heshima ilikuwapo, na haikumzuia mtu kupendwa.

Bendi ilikufa kama bendi zinavyokufa. Mwimbaji alihamia bara, mpiga ngoma akafariki, Ridhwan, mpiga gitaa wao wa tatu, akaenda zake Muscat. Walichobakiwa nacho ni magitaa na Jumapili. Kila Jumapili baada ya alasiri walikutana dukani kwa Wakil, anapotengeneza redio na pasi, nyumba ya tatu kutoka kwa Mbarouk. Walitandika kanga kuukuu juu ya meza ya kazi, wakalilaza gitaa la kila mmoja kwa zamu yake, na wakalisoma. Kusoma, ndivyo walivyoita. Hapa rangi imeliwa na kiganja. Hapa dole gumba limechimba. Alama hii ya moto ni sigara ya Mjaka, siku ile aliposahau kuwa ana sigara. Gundi hii ni ya siku lori lilipotumwaga njia ya kusini.

Na walikuwa na kanuni moja. Zamani, Mjaka na Mbarouk nusura wasiamkiane kwa kubishana gitaa la nani lina sauti bora. Wakil alichoka kuwasikiliza. "Hapana mchuuzi anayesema samaki wake wameoza," aliwaambia. "Kuanzia leo, hapa hapigi mtu lake." Basi kila mmoja akawa anampa mwenzake gitaa lake, anakaa, ananyamaza, anasikiliza. Ukisifiwa, umesifiwa na mwengine. Ukikosolewa, meza mate.

Tangu Thuwaiba augue, Mbarouk hakuonekana pale. Wenzake walisema anauguza. Lakini mgonjwa alishapona, na uuguzi gani usiokwisha?

Jumapili moja Mjaka akaja kupiga hodi mwenyewe.

"Hodi humu! Bi Thuwaiba, mzima?"

"Mzima, shemeji, karibu. Umekuja kumchukua? Mchukue. Ananifuata jikoni kama paka."

"Ridhwan karudi kutoka Muscat," Mjaka alimwambia Mbarouk, macho yakiwa msumarini. "Kaja na gitaa. Analisifu, mpaka tumechoka. Wakil kasema bila ya Mbarouk halisomwi."

"Nitakuja kusikiliza," alisema Mbarouk.

"Kusikiliza na nini? Njoo nalo."

Thuwaiba alikwisha kupanda kigoda. Alilishusha gitaa, akalifuta vumbi kwa upande wa kanga yake, akampachikia mumewe kifuani kama anayempa mtoto mchanga. "Nenda nalo. Limekaa hapo ukutani kama picha ya marehemu. Mie si nimepona? Basi ondosha msiba."

Mbarouk angelisema hapo, yangelikwisha. Hakusema. Alilichukua gitaa, na hiyo haikuwa kuvunja ahadi, kwani kulibeba si kulipiga. Lakini mikono iliyolizunguka shingo ilikuwa na joto la mtu aliyekumbatia kitu kilichokuwa safarini, na hilo alilijua.

"Yakhe, mgeni!" Wakil alipiga kelele kutoka nyuma ya rundo la redio. "Tulidhani umehamia Dar moja kwa moja."

Gitaa la Ridhwan lilikuwa limeshalazwa juu ya kanga. Zuri, la rangi ya manjano iliyopauka, na limechakaa kila mahali. Ridhwan alisimama kando, kanzu nyeupe, mikono nyuma, kama baba wa bibi harusi.

Mjaka aliinama, akasoma. "Hapa paliegemea mkono wa kulia. Sawa. Hapa dole gumba. Sawa. Na huku nyuma? Pameliwa na nini huku nyuma? Mwenyewe alikuwa akilipigia mgongoni?"

"Labda alikuwa na mikono mitatu," alisema Wakil, akiinua miwani yake ya kazi. "Hebu ngoja. Mbarouk, tazama vyuma vya shingoni."

Mbarouk alitazama. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ambavyo nyuzi hugandamizwa juu yake, vilikuwa vizima, vinang'ara. Katika gitaa lililopigwa miaka, vyuma ndivyo vinavyoliwa mwanzo.

"Rangi imekwisha, chuma hakijaguswa," alisema taratibu. "Ridhwan, huyu mwenyewe alilala nalo tu?"

Ridhwan alikohoa. "Linatoka kiwandani hivyo hivyo. Wanalichakaza wenyewe. Siku hizi ndiyo fesheni."

Mjaka alilazimika kushika meza kwa kucheka. "Yaani umelipia mikwaruzo! Umenunua uzee, Ridhwan! Si ungelikuja kwangu? Mie wangu ningelikupa bure, na maumivu ya goti juu!"

Hata Ridhwan alicheka, kwani hakuwa mtu mbaya. Lakini kitu kile ni kibaya, na hakina budi kuitwa kwa jina lake. Alama ya kazi usiyoifanya ni uongo, hata ikiwa juu ya ubao.

Likaja gitaa la Mbarouk. Wekundu ulibaki pembezoni tu. Katikati ulikuwa mti mtupu, umelainika kama kizingiti cha msikiti wa zamani. Harufu ya karafuu iliwapanda puani, kila mmoja kashikwa na Ijumaa yake ya zamani.

Halafu Mjaka akainua lake mwenyewe na kumnyooshea Mbarouk, kama kanuni inavyotaka. "Haya. Nipe lako, shika langu."

Mbarouk hakunyoosha mkono.

"Shika, bwana we. Haling'ati."

"Siwezi, Mjaka."

"Vidole vinauma?"

"Vidole vizima." Aliona hapana njia nyengine, kunyamaza tena kungelikuwa ni kuwadanganya. Akawaambia, kwa ufupi, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi: benchi, mlango wa chumba cha upasuaji, maneno aliyoyasema.

Wakil alizima chuma chake cha kulehemu. Ridhwan ndiye aliyezungumza mwanzo, na kwa upole. "Lakini hilo lina dawa, ndugu yangu. Iko kafara. Unalisha masikini kumi, unakuwa huru. Pilau nitalipika mie, kwa mkono wangu."

"Najua," alisema Mbarouk. "Nilimuuliza sheikh. Aliniambia kama ulivyonambia wewe, na akasema hapana lawama juu yangu."

"Sasa?"

"Sasa mie nilikuwa bandarini, Ridhwan. Mzigo ukishashushwa salama gatini, humrudii mwenye meli ukamwambia tuzungumze upya. Thuwaiba kashafika. Nnamuona kila asubuhi, anagombana na muuza dagaa."

"Kwani Mungu anataka gitaa lako?" Wakil alikasirika, kama wanavyokasirika watu wanaokaribia kulia. "Analipeleka wapi?"

"Hakulitaka. Mie ndiye niliyempa."

Wengi wetu tunajua kutafuta mlango wa nyuma wa kila ahadi, na wengi wa waliotufundisha elimu tumewageuza wafungua milango hiyo. Mbarouk mlango aliuona, ulikuwa wa halali, naye akakaa alipokuwa. Tunda la uungwana ni hilo, na mtu anaweza kulila akiwa mwendesha kreni mstaafu.

"Mimi siligusi," alisema. "Lakini gitaa halijaweka nadhiri. Mjaka, lipige."

Mjaka alilichukua taratibu, akakaza nyuzi moja baada ya moja. Mwaka mzima ukutani ulikuwa umelitia kutu na kuipinda shingo kidogo. Uzi wa tatu ulitoa sauti ya kukwaruza.

"Linakoroma," alisema Mjaka. "Kama mwenyewe. Nnakumbuka mkeka wa Makunduchi."

Waliuanza wimbo ule wa zamani. Wakil alishika gitaa la Ridhwan, Ridhwan la Mjaka, na ule uchakavu wa kiwandani ukapata sauti yake ya kwanza ya kweli chini ya vidole vinene vya Wakil. Mbarouk alikaa kwenye sanduku la redio, mikono mapajani, vilevile alivyokaa kwenye benchi. Ajabu ni kuwa haikumuuma kama alivyoogopa. Jumapili zote zile alizokaa kimya mwengine akilipiga lake zilikuwa zimemfundisha nusu ya jambo hili bila ya yeye kujua.

Nusu ya pili ilikuja walipofika katikati ya wimbo.

Hapo ndipo mahali pa kipande. Mjaka alipanda, akasita, akateremkia pasipo pake. Akarudia. Akakosa tena. Vidole vilizunguka juu ya shingo ile kama mtu anayetafuta swichi katika chumba cha wenyewe.

"Inakwendaje, yakhe? Kila siku ulikipiga wewe, hata ukishika gitaa langu. Mie sikujifunza."

"Hakijui mtu," alisema Wakil. Hakusema zaidi, lakini wote walielewa. Mikono iliyokijua ilikuwa ya Mbarouk, mmoja uko goti la kulia na wa pili uko la kushoto, na ikibaki hapo, kipande kinakwenda kaburini na mwenyewe.

Mkono wa Mbarouk uliondoka. Hakuutuma, uliondoka wenyewe, ukaenda mpaka karibu ya nyuzi, ncha za vidole zimeshajikunja katika umbo lake la zamani. Alikuwa haombi wimbo mzima. Sauti chache, za kumwonesha mwenzake tu, na nani angelihesabu hilo? Ridhwan aligeuza uso akatazama barabarani, makusudi, ili asiwe shahidi. Ilikuwa hisani yake ya siku ile.

Mbarouk aliutazama mkono wake kama unavyomtazama mtoto aliyetia kidole kwenye chungu kabla ya wageni. Akaurudisha gotini. Akaufunika kwa ule mwengine.

Kisha akafungua kinywa.

Hakuwa mwimbaji, katika Nanga Jazi walimkataza hata kuitikia. Lakini alikitoa kipande kwa mdomo, sauti kwa sauti, kikavu na chenye mikwaruzo, na pale pa kusita akasita. Mjaka akakifuata. "Hapana, usikimbilie," alisema Mbarouk. "Hapo mtu kafika mlangoni. Anaona haya. Mwache aone haya." Akarudia. Mjaka akarudia. Vyuma vya gitaa lile vilikuwa vimeliwa mahali pale pale hasa, vikafanya vijishimo vidogo, na ulipofika mzunguko mwengine vidole vya Mjaka viliteleza vikaviingia, kimoja baada ya kimoja. Kipande kikapanda, kikasita, kikateremka, kikatoka mlangoni kwenda kichochoroni. Mbarouk alifunga mdomo katikati ya sauti. Hakikumhitaji tena.

Gitaa hakulirudisha nyumbani. Alimwachia Mjaka, ainyooshe shingo yake, na asilitundike. "Lipige kila siku," alimwambia. "Na mafuta ya karafuu kidogo tu, usilizamishe kama mboga."

Thuwaiba alikuwa kwenye kibaraza cha ndani, anapepeta mchele. Alimtazama mikono mitupu.

"Nimekisikia," alisema.

"Kipi?"

"Kipi! Kipande changu. Lakini hukupiga wewe. Mjaka yule. Mjaka ana haraka, hata akisita anasita kwa haraka." Aliuweka ungo chini. "Kwa nini si wewe?"

Mbarouk akakaa kando yake, akamwambia. Safari hii ilikuwa ngumu kuliko dukani, kwa sababu Thuwaiba ndiye aliyekuwa mzigo wenyewe. Na hapana mke anayependa kuambiwa kwamba mumewe amenyamazishwa kwa ajili yake. Thuwaiba alisikiliza mpaka mwisho. Aliokota mawe mawili matatu kwenye mchele, akayatupa uani.

"Hukuniuliza," alisema.

"Ulikuwa huuliziki."

"Ungeliweka nadhiri ya kuacha kukoroma, mie ningelipona mara mbili." Alicheka, kisha kicheko kikamponyoka, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Hakumwomba aivunje. Alimjua mtu aliyeolewa naye, na tangu akiwa msichana nyuma ya dirisha alichompendea ni kwamba alikuwa akisimama alipopaswa kusimama.

Jumapili zinaendelea. Mbarouk huwa wa kwanza kufika dukani kwa Wakil, huketi kwenye sanduku lile lile, na Mjaka anapoingia humpokea gitaa, humlazia juu ya kanga, na kulisoma kabla ya wengine. Siku chache zilizopita aliona karibu na ukingo, palipokuwa pamebaki wekundu, alama mpya, ndogo, imeanza kupauka. Mkono wa Mjaka ni mfupi kuliko wake, unaegemea hapo.

"Unalibana," alimwambia.

"Silibani."

"Unalibana, yakhe. Tazama. Utalimaliza rangi."

"Basi chukua ulipige wewe," alisema Mjaka, na papo hapo akajutia ulimi wake.

Mbarouk alipitisha dole gumba juu ya alama ile, taratibu. "Endelea kulibana," alisema.

Nyumbani, juu ya kabati, msumari haukukaa bure. Thuwaiba ametundika chekeche.